Bidii ya mkulima ni bure pasipo uadilifu wa kiongozi

WAHENGA walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Maana yake ni bayana: anayevumilia taabu ya kazi ana haki ya kufurahia matunda yake. Katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, hata hivyo, methali hiyo imekwenda kombo kwa miaka mingi. Wanaochumia juani wanajulikana, na wanaokula kivulini wanajulikana pia. Ila aghalabu hao si watu wale wale.

Hakuna awezaye kuwashutumu wakazi wa sehemu hizi kwa uvivu. Barabara itokayo Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, hupita kati ya mashamba ya mahindi, maharagwe na miwa yanayotunzwa kwa mikono ya watu wanaoamka kabla ya jogoo. Trans Nzoia imeitwa ghala la taifa tangu zamani, na sifa hiyo haikuja kwa bahati. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini Kitale mwaka 1956, na ni katika mji huo huo ambapo watafiti walizalisha mbegu chotara ya mahindi ya H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 na kubadilisha kilimo cha nyanda za juu za Kenya.

Inafaa kuitafakari mbegu hiyo kidogo. Mkulima anaponunua pakiti ya mbegu, hana njia ya kujua kilichomo. Punje moja nzuri na punje moja mbovu hufanana machoni. Hulipa pesa zake, hulima, hupanda, kisha hungoja miezi kadhaa ndipo aujue ukweli. Biashara ya mbegu, kwa hivyo, ni biashara ya kuaminiana. Aliyeifunga pakiti hiyo akiwa mwaminifu, jasho la mkulima hugeuka chakula. Akiwa laghai, jasho hilo hupotea ardhini, na hakuna bidii iwezayo kulirejesha.

Hapo ndipo ulipo uhusiano kati ya kazi ya raia na tabia ya kiongozi. Bidii na uadilifu si maadili mawili yanayoweza kutenganishwa, moja likawa la mwananchi na jingine la mhubiri. Bidii ya mtu mmoja huutegemea uadilifu wa mwingine, hasa mwingine huyo akiwa ndiye mwenye ufunguo wa ghala, muhuri wa zabuni au kura ya Bunge. Matukio ya miaka ya karibuni katika kaunti hizi mbili yanalithibitisha jambo hilo.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2015, Kaunti ya Bungoma iligonga vichwa vya habari kwa sababu ya matoroli 10, au wilbaro kama wengi wanavyoyaita. Kila moja lilinunuliwa kwa Sh109,256. Kwa jumla, pesa za umma Sh1,092,560 zilitumika kununua vyombo ambavyo fundi yeyote wa mjini angeviuza kwa shilingi elfu chache tu kila kimoja. Utetezi uliotolewa ni kwamba yalikuwa matoroli ya aina ya pekee, yaliyoundwa kwa chuma kisichoshika kutu. Wananchi walicheka, kisha wakaghadhabika.

Maafisa kadhaa wa kaunti walifikishwa kortini kuhusiana na ununuzi huo, na miaka kadhaa baadaye mahakama ikawapata na hatia. Gavana wa wakati huo, Bw Kenneth Lusaka, hakuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Alishindwa na Bw Wycliffe Wangamati katika uchaguzi wa 2017, akawa Spika wa Seneti, kisha akarejea katika kiti cha ugavana kupitia uchaguzi wa 2022.

Wapo waliouliza kwa nini kelele zote hizo kwa ajili ya shilingi milioni moja, ilhali mabilioni hupotea katika miradi mingine pasipo mtu kunong'ona. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni la manufaa makubwa kwa yeyote anayejali utawala bora. Toroli liliwaudhi watu kwa sababu kila mtu anajua bei ya toroli. Mkulima wa Chwele hawezi kukadiria gharama ya mfumo wa kompyuta au ya ushauri wa kitaalamu kuhusu barabara. Akiambiwa ni shilingi milioni 300, atanyamaza, kwa kuwa hana kipimo. Lakini toroli analo nyumbani. Alilinunua kwa pesa zake mwenyewe, akabishana bei na mwenye duka. Alipoisikia bei ya kaunti, hakuhitaji ripoti ya mkaguzi ili ajue ameibiwa.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hilo. Katika msimu wa mwaka 2017 na 2018, serikali ilinunua mahindi kwa Sh3,200 kwa gunia la kilo 90. Kwa bei hiyo, toroli moja la Bungoma lilikuwa sawa na magunia 34 ya mahindi. Ekari moja iliyotunzwa vyema yaweza kutoa magunia 20 hivi. Hii ina maana kwamba toroli moja lilimeza mavuno ya zaidi ya ekari moja na nusu: kulima, kupanda, kupalilia mara mbili, kuvuna, kupukuchua na kukausha. Hivyo ndivyo ufisadi unavyopaswa kupimwa. Shilingi ni tarakimu tu, lakini msimu mzima wa kazi ya familia ni kitu kinachoeleweka.

Ikiwa toroli ni mfano wa wizi unaoonekana kwa macho, mbolea ni mfano wa ule usioonekana. Mnamo Machi 2024, wakulima wa Trans Nzoia, Bungoma na kaunti nyinginezo wakiwa katika pilkapilka za kupanda, ilifichuliwa kwamba mbolea ambayo haikufikia viwango ilikuwa imeuzwa chini ya mpango wa serikali wa ruzuku. Mfuko wa kilo 50 uliuzwa Sh2,500 kupitia maghala ya halmashauri ya nafaka na mazao, NCPB. Mkulima aliyepiga foleni Kitale au Bungoma hakuinunua mbolea hiyo kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Aliinunua katika ghala la serikali, penye bendera na stakabadhi.

Wizara ya Kilimo mwanzoni ilikana kuwepo kwa mbolea bandia. Baadaye ilikubali kwamba kulikuwa na mbolea isiyofikia viwango, na serikali ikaahidi kuwafidia walioathirika kwa kuwapa mbolea nyingine. Lakini msimu haumngoji mtu. Mvua za Machi na Aprili zikishapita, mfuko wa fidia unaoletwa baadaye ni kama mwavuli unaopewa mtu aliyekwisha kulowa.

Tofauti kati ya mikasa hiyo miwili ni muhimu. Katika kisa cha toroli, mwananchi aliweza kujilinda kwa maarifa yake mwenyewe, maana bei aliifahamu. Katika kisa cha mbolea hakuwa na kinga yoyote isipokuwa uaminifu wa watu asiowajua: aliyeichanganya, aliyeipima, aliyeipitisha na aliyeipokea ghalani. Kila mmoja wa hao alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Kadiri serikali inavyojitwika kazi ambazo raia hawezi kuzikagua kwa macho yake, ndivyo tabia ya wale waliokabidhiwa kazi hizo inavyozidi kuwa suala la uhai na kifo cha mkulima.

Bunge la Kitaifa lilipata fursa ya kulizungumzia suala hilo. Mbunge wa Bumula katika Kaunti ya Bungoma, Bw Jack Wamboka, aliwasilisha hoja ya kumwondoa mamlakani Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Bw Mithika Linturi. Mnamo Mei 2, 2024, wabunge 149 waliunga mkono hoja hiyo, 36 wakaipinga. Kamati teule ya wabunge 11 ikaundwa kuchunguza madai hayo, na siku chache baadaye, kwa kura saba dhidi ya nne, ikaamua kwamba hayakuthibitishwa. Bw Linturi alibaki wizarani hadi Julai mwaka huo, Rais William Ruto alipolivunja Baraza la Mawaziri kufuatia maandamano ya vijana.

Haifai kumhukumu mtu ambaye kamati haikumpata na hatia. Hata hivyo, swali la mkulima linasalia pale pale: ikiwa mbolea mbovu iliuzwa katika ghala la serikali, na hakuna kiongozi wa ngazi ya juu anayebeba lawama, basi mamlaka ni ya nani? Katiba ya 2010, katika Sura ya Sita, inaeleza kwamba mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya umma. Neno amana lina uzito wake katika Kiswahili. Anayewekewa amana hawezi kusema hakujua iliko.

Mifano haiishii hapo. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, kilikuwa tegemeo la maelfu ya familia za Bungoma. Kwa miaka mingi kikazama katika madeni, wakulima wakingoja malipo ya miwa waliyokwisha kuipeleka na wafanyakazi wakingoja mishahara. Mnamo 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye nacho kilifungwa mwaka 2009, na uchumi wa mji huo ukapooza. Sababu za kuanguka kwa viwanda hivyo ni nyingi, zikiwemo gharama za umeme na ushindani wa bidhaa kutoka nje. Lakini uvivu wa wananchi haukuwa mojawapo.

Je, kuna mfano wa kinyume? Upo, nao umetoka katika udongo huo huo. Marehemu Masinde Muliro alizaliwa Kimilili, Bungoma, mwaka 1922, na maisha yake mengi ya siasa aliyaendesha kutoka Trans Nzoia, hivi kwamba wakazi wa pande zote mbili humhesabu kuwa wao. Alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, enzi za ukoloni, na baada ya uhuru akawa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta.

Mnamo Machi 1975, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliuawa. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo, mwenyekiti wake akiwa mbunge mwingine kutoka Bungoma, Elijah Mwangale. Ripoti yake ilipofikishwa Bungeni mwezi wa Juni, serikali haikutaka ikubaliwe. Mawaziri walitarajiwa kupiga kura pamoja na serikali. Muliro hakufanya hivyo. Alipiga kura ya kuikubali ripoti, na upande uliotaka ikubaliwe ukashinda kwa kura chache. Muliro alifutwa kazi ya uwaziri mara moja.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kwa sababu kinafafanua maana ya uadilifu kuliko hotuba nyingi. Kusema ukweli pasipo hasara ni rahisi; hata mwizi husema ukweli akiulizwa saa. Tabia ya mtu hupimwa pale ambapo kusema ukweli kutamgharimu gari, ofisi, walinzi na mshahara. Muliro alijua gharama kabla ya kuinua mkono, na akauinua. Miaka 16 baadaye, mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa wazee sita walioanzisha vuguvugu la FORD lililodai kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Alifariki Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi aliporejea kutoka ng'ambo, miezi michache kabla ya uchaguzi alioupigania.

Leo jina lake limepewa chuo kikuu mjini Kakamega na uwanja wa michezo wa Kanduyi, ambako sherehe za kitaifa za Madaraka Dei ziliandaliwa mnamo Juni 1, 2024. Viongozi wengi walioketi jukwaani siku hiyo walimsifu. Ni vyema kumsifu. Lakini kuliandika jina la mtu ukutani ni jambo moja, na kupiga kura kama alivyopiga ni jambo jingine.

Jamii ya Wabukusu, ambayo ina wenyeji wengi katika kaunti hizi mbili, ina desturi ya kale iitwayo kumuse. Anapofariki mzee wa heshima, mnenaji mwenye kipawa hicho husimama mbele ya umati baada ya maziko, akatembea huku na huko akisimulia historia ya ukoo na kuwaonya walio hai. Si kila mtu hufanyiwa hivyo. Heshima hiyo hutolewa kwa maisha yaliyokwisha kukamilika, na haipatikani kwa harambee wala kwa helikopta. Funzo lake ni kwamba jamii hizi zimejua tangu jadi kutofautisha kati ya cheo na heshima. Cheo hutolewa kwa kura ya siku moja, lakini heshima hujengwa kwa miaka.

Inasikitisha kwamba hekima hiyo husahaulika siasa zinapopamba moto. Kisingizio kinachosikika mara kwa mara ni kwamba kiongozi, hata akiwa na dosari, ni "mtu wetu". Zimwi likujualo, husema watu, halikuli likakwisha. Lakini waliouza mbolea mbovu hawakuuliza mnunuzi ni wa kabila gani, na toroli la laki moja lililipwa kwa kodi ya watu wa Bungoma na si ya wageni.

Mnamo Mei 2025, maafisa wa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, walipomkamata Gavana wa Trans Nzoia, Bw George Natembeya, vijana walijitokeza nyumbani kwake kujaribu kuwazuia. Gavana alishtakiwa jijini Nairobi, akakana mashtaka, na wafuasi wake wakadai anaandamwa kwa sababu za kisiasa. Kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia hadi mahakama iamue vinginevyo, na wananchi wana haki ya kuuliza iwapo sheria inawafuata wakosoaji wa serikali na kuwaacha marafiki zake. Swali hilo ni halali. Ila jibu lake hupatikana kortini, kwa ushahidi na stakabadhi. Umati wa langoni hauwezi kumsafisha aliye na hatia, wala hauwezi kumsaidia asiye nayo.

Kinachohitajika, basi, ni nini? Kwanza, ni kuifanya kila hesabu ya umma ifanane na ile ya toroli, yaani ieleweke kwa mtu wa kawaida. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka bidhaa zenye bei inayojulikana sokoni zinunuliwe kwa bei hiyo. Kaunti zikibandika katika kila wadi orodha ya vitu vilivyonunuliwa, idadi yake, bei ya kila kimoja na jina la aliyeuza, hakutahitajika mtaalamu wa kuwafasiria wakulima. Watahesabu wenyewe.

Pili, wananchi wazitumie haki walizo nazo. Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 inampa kila Mkenya ruhusa ya kuitisha rekodi za serikali, na afisa husika anatakiwa kutoa jibu katika muda wa siku 21. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kila mwaka kwa kila kaunti. Ni wadi ngapi za Trans Nzoia na Bungoma ambako ripoti hizo zimewahi kusomwa katika baraza la hadhara, diwani akiwa ameketi mbele ya watu?

Tatu, adhabu isiishie kwa wadogo. Karani aliyetia sahihi akifungwa, na waliomwagiza wakipandishwa vyeo, funzo linalobaki kwa vijana ni kwamba kosa si kuiba, kosa ni kuwa mdogo. Katiba inasema wazi kwamba afisa anayeidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria atawajibikia hasara hiyo yeye binafsi. Kifungu hicho kikitumika ipasavyo hata mara chache, kitafundisha zaidi ya mahubiri mengi.

Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 unapokaribia, wanasiasa wataizuru Kitale na Bungoma wakiwa na ahadi tele. Watawasifu wakulima kwa bidii yao, kama ilivyo ada. Mkulima asikubali kusifiwa bidii na mtu asiyeweza kueleza alivyoilinda bidii hiyo. Amwulize mambo matatu tu: ni bei gani iliyozidi aliyokataa kuitia sahihi, ni kura gani aliyopiga ikamgharimu, na ni nani wa upande wake aliyewahi kumwambia kwamba amekosea. Asiye na jibu hata moja angali anatafuta kivuli cha kulia jasho la wenzake. Wala asilaumiwe peke yake akikipata, maana waliompa kura watakuwa wamemkatia matawi ya kukiezekea.